Namba Moja na Kigezo cha Plaiwudi

Mguu wa kulia wa Breki haukujua kupumzika. Kinyozi akisogeza mashine karibu na sikio lake, mguu unakanyaga. Mkewe akimimina chai mpaka ikakaribia ukingo wa kikombe, mguu unakanyaga. Hata usingizini ulikanyaga, na mkewe alikuwa na alama kwenye muundi za kuthibitisha. Ulikuwa ugonjwa wa kazi. Tangu ndevu zake zikiwa nyeusi alikuwa akifundisha watu udereva, akiwa amekaa upande wa abiria katika kagari keupe kenye pedali za ziada, na nusu ya madereva wa mji ule walikuwa wamewahi kusimamishwa ghafla na mguu wake. Hivyo wakamwita Breki, na jina likamganda kiasi kwamba hata wakwe zake walilitumia bila kuona aibu.

Mahali pekee ambapo mguu ule haukuwa na kazi ni bwawani.

Nyuma ya nyumba ya pampu zinazosukuma maji mjini kulikuwa na banda la mabati, bomba la kusafishia miguu, na safu ya mashua ndogo zilizolala kifudifudi juu ya matairi. Zote ziliitwa Chiriku. Chiriku ni mashua ya watu wawili: mmoja nyuma anashika usukani na tanga kubwa, mwingine mbele anashika tanga dogo na kuning'inia nje ya ubavu ili mashua isilale. Haina injini wala breki. Lakini sifa yake kubwa ni kwamba kila Chiriku lazima iwe sawa na mwenzake. Tumbo lile lile, mlingoti ule ule, nguo ya tanga ile ile. Hata uzito: iliyo nyepesi hufungiwa vipande vya madini ya risasi chini ya benchi mpaka ilingane na nyingine. Kisha honi inapolia, mwenye nacho na asiye nacho wanaondoka pamoja, na kinachowatofautisha ni kichwa na mikono yao tu.

Ni mambo machache duniani yanayojaribu jambo hilo. Shule hazijaribu, na hospitali zilikata tamaa zamani. Barabarani ndiyo usiseme: mwenye gari kubwa anapita, mwenye gari dogo anasubiri, na Breki aliyaona hayo kila siku ya kazi, akimwambia mwanafunzi wake kwa sauti ya upole kwamba sheria ni ya wote huku lori likiwasukuma kando. Ndiyo maana mwisho wa wiki alikwenda bwawani kama mtu anayevuka mpaka kuingia nchi yenye haki. Ukutani mwa banda, kwa rangi nyekundu, palikuwa pameandikwa: CHIRIKU ZOTE NI MOJA. Breki aliyaamini maneno yale kuliko alivyoamini alama za barabarani.

Chini ya maneno yale yale palikuwa na ubao wa matangazo. "Inauzwa Chiriku namba thelathini na nane, inakimbia sana. Sababu ya kuuza: tumepata mapacha." "Natafuta Chiriku, ila isiwe katika namba za chini." Watu walisimama pale wakinawa miguu, wakasoma ya juu, wakasoma ya chini, wakaitikia yote mawili. Katika mashindano zote zilikuwa sawa, na katika soko kila moja ilikuwa na tabia yake, kama mabinti wa posa. Hakuna aliyeshtuka. Breki naye hakushtuka, kwa sababu hakuwa na nia ya kuuza.

Yeye alikuwa na Namba Moja. Iliundwa na marehemu kaka yake, seremala, uani kwa mama yao, kwa plaiwudi na gundi, kabla hazijaanza zile za faiba zinazomiminwa kwenye kalibu. Ilipokamilika, kaka alisimamisha ubao mpana wa plaiwudi juu ya tumbo la mashua, akapitisha penseli kufuata mviringo wake, akakata. Ubao ule ukawa kigezo: mashua nyingine yoyote ikitaka kuitwa Chiriku, sharti tumbo lake likae katika mkato ule bila kuacha nafasi ya kupita kibiriti. "Mimi ndiye niliyeshika ubao," Breki alimwambia kila mgeni wa bwawani. Aliisimulia hadithi ile akiwa ameinua mikono miwili mbele, kama bado ameushika.

Mwenzake wa mbele alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, karani wa dirisha la malipo ya maji. Kutwa nzima alitukanwa na wenye bili, basi mwisho wa wiki alikuwa akiutukana upepo. Walizoea kumaliza katikati. Si mbele wala mkiani. Breki alisema katikati ndiko watu wengi wanakoishi, na hakuna ubaya kuwatembelea.

Kisha goti la kushoto likaanza kugoma. Lingekuwa la kulia angeelewa, lile lina miaka ya kukanyaga, lakini lilikuwa la kushoto, lisilo na kazi yoyote. Kila alipohama upande mmoja wa mashua kwenda mwingine, lililia.

"Shemeji," akasema shemeji yake siku moja wakivuta mashua nchi kavu, "goti lako linalia kuliko bawaba ya lango la makaburi. Uza, kabla hujaniangukia."

Akakubali. Kuandika tangazo kulimpa tabu kuliko kukubali. Mkono ulikataa kuandika kwamba inakimbia. Mwishowe akabandika hili: "Inauzwa Namba Moja. Iko sawa na nyingine. Sababu ya kuuza: goti."

Shemeji alilisoma mara mbili, akauliza kama lile ni tangazo au ni toba.

Alikuja mteja mmoja tu, muuguzi wa wodi ya watoto, mwanamke mrefu mwenye maneno ya polepole, aliyejifunza kuendesha mashua kwa kuazima za wengine na sasa alitaka yake. Aliweka kiganja juu ya tumbo la Namba Moja kama anayepima homa, akasema anaichukua. Bei wakaelewana wamesimama. Alikuwa na sharti moja: cheti cha kipimo. Hakutaka mashua ya kupigia picha, alitaka kushindana, na kanuni zilisema mashua ikibadili mikono lazima ipimwe upya. Isiyo na cheti haina mashindano, na isiyo na mashindano haikai uani pa klabu.

Breki alicheka. Kuipima Namba Moja kwa kile kigezo, alimwambia, ni kumpima bibi kama amefanana na wajukuu. Lakini sheria ni sheria, na ipimwe.

Mpimaji wa klabu alikuwa mwanamke kijana, siku za kazi anapima viwanja, kofia pana, penseli sikioni. Alikitoa kigezo nyuma ya mlango wa banda kilipotundikwa, akakifuta vumbi, akakisimamisha juu ya tumbo la Namba Moja. Akatoa kibiriti mfukoni, akakisukuma kwenye nafasi iliyobaki upande wa kushoto. Kibiriti kikapita kizima, kikaanguka kwenye nyasi.

Akakiokota. Akajaribu upande wa kulia. Kikapita.

"Mzee, haipiti kipimo," akasema.

"Rudia, mwanangu. Labda hujaiweka sawa."

Akarudia. Akaondoa tairi moja, akaweka jingine, akarudia tena. "Haipiti, Mzee. Na si kidogo."

"Lakini hicho kigezo kimetoka hapa." Breki alilipiga tumbo la mashua kwa kofi. "Hapa hapa. Mimi ndiye niliyeshika ubao."

"Basi kimoja kati ya hivi viwili kimebadilika."

Mguu wa Breki ukakanyaga nyasi. Alimtazama Muuguzi, aliyekuwa amesimama pembeni amefumbata mikono. Mwanamke yule alikuwa ameshaona majibu mengi ya vipimo maishani mwake. Alisema tu kwamba atasubiri.

Wiki ile Breki hakuwa mtu wa kukabidhiwa gari. Aliingia chini ya Namba Moja na tochi kutafuta mbavu zilizovunjika, akazikuta zote nzima. Alibonyeza plaiwudi kwa dole gumba toka mwanzo hadi mwisho kama anayechagua parachichi. Hakuna palipobonyea. Garini alimwambia mwanafunzi apinde kulia huku mkono wake ukionyesha kushoto, na mwanafunzi, kwa kutaka kumridhisha mwalimu, akajaribu kutii vyote viwili. Walikwama juu ya bustani ya mzunguko, na kwa mara ya kwanza mguu ulichelewa.

Nyumbani mkewe alikuwa akikata sare za shule. Meza yote ilikuwa vitambaa vya buluu, na katikati karatasi ngumu aliyokuwa akiitumia kama kielelezo. Breki alimweleza tena, kwa mara ya ngapi sijui, kwamba mtoto hawezi kumkana mama.

"Mimi nikishona sare mia," mkewe akasema, pini zikiwa mdomoni, "siipimi ya mia kwa ile ya kwanza. Napima kwa karatasi. Na karatasi ikipotea, nakata nyingine juu ya sare yoyote iliyo karibu. Wateja wanavaa, maisha yanaendelea."

"Hii si sare."

"Sawa, baba. Si sare. Sogea, umekalia kola."

Hakulitafakari neno lile. Alikuwa akifikiria kibiriti.

Mwisho wa wiki alimwomba Mpimaji apime mashua nyingine, yoyote ile, ili ajue kama kigezo kimepinda. Wakaanza na ya mwenyekiti wa klabu, dalali wa nyumba, mtu mkarimu aliyekuwa na Chiriku mpya inayong'aa kama sahani ya wageni. Kigezo kilikaa juu yake kama kifuniko juu ya sufuria yake. Kibiriti hakikuingia hata kona. Wakapima nyingine mpya, nayo vilevile. Watu wakaanza kukusanyika, wengine na mkate mkononi. Wakapima Namba Sita, ya ndugu wawili wachomeleaji vyuma. Kibiriti kikaanguka kwenye nyasi. Namba Tisa, kikaanguka.

"Kumbe wazee wote wamekonda," mmoja akasema, na watu wakacheka, isipokuwa wachomeleaji.

Dalali akatoa maelezo. Plaiwudi, alisema, husinyaa kwa umri kama binadamu, na faiba haisinyai. Yalikuwa maelezo mazuri, yana mwanzo na mwisho, na watu wakaanza kutawanyika wakiwa wameridhika. Breki naye alitaka sana kuridhika. Kaka yake angekuwa hana kosa, kigezo kingekuwa hakina kosa, na lawama ingebaki kwa miaka, ambayo haina wa kuitetea.

Shemeji ndiye aliyemvuta kando, hadi kwenye bomba, akafungua maji yatiririke.

"Shemeji, hicho si kigezo cha kaka yako."

"Cha nani?"

"Cha kaka yako kilikufa. Mwaka wa ile mvua kubwa, lango lilikuwa tope tupu, mtu akakilaza kama daraja trela zipite. Trela ya pili ikakivunja. Hukumbuki?"

Hakukumbuka.

Shemeji akamweleza, polepole, kama anavyowaeleza watu bili zao. Kaka yake Breki wakati ule alikuwa hospitalini na kifua chake. Wageni wa kushindana walikuwa wanakuja, na bila kigezo hakuna mashindano. Kamati ikakaa, mpimaji wa zamani akauliza ni Chiriku ipi iliyo sahihi zaidi ili wakate kigezo kipya juu yake. Namba Moja ilikuwa pale pale, imelala mbele yao. Lakini wote, kwa sauti moja, wakasema: ya Daktari wa Meno. Kwa nini? Kwa sababu ilikuwa inashinda kila wiki. Inayoshinda ndiyo iliyo sahihi, wakaona hivyo, na hakuna aliyeona ajabu. Wakaweka plaiwudi juu ya mashua ya Daktari wa Meno, wakachora, wakakata.

"Mashua hiyo," shemeji akaendelea, "mwaka uliotangulia ilikuwa imeanguka kutoka kwenye trela. Tumbo lilizibwa na mnyoosha bodi za magari. Akalijaza kidogo, akalilainisha, likapendeza. Kila iliyomiminwa baada ya hapo imefuata tumbo la mnyoosha bodi."

Breki alifunga bomba. "Na wewe umejuaje yote haya?"

"Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeshika mwavuli, maana bati la banda lilikuwa linavuja. Na wewe ndiye uliyeshika ubao."

Kwa miaka yote, kila aliposimulia, Breki alisikia kelele za mvua juu ya bati. Ilikuwa sehemu ya hadithi, aliipenda, wakati mwingine aliitaja: mvua inanyesha, kaka anachora, mimi nimeshika. Uani kwa mama yao hapakuwa na bati. Palikuwa na anga. Sasa alisimama akijaribu kuitenganisha mvua na kaka, kama mtu anayetenganisha nyuzi zilizofuliwa pamoja. Ile mikono yenye penseli ilikuwa ya nani? Ilikuwa na kovu la msumeno kwenye kidole gumba, ya kaka hiyo. Au ilikuwa ya yule mpimaji wa zamani, na kovu amelichukua kwingine? Labda aliushika ubao mara mbili. Labda mara ya kwanza aliushika mtu mwingine kabisa, na yeye alikuwa mtoto anayetazama.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaisimulia vizuri, shemeji. Nani anamkatiza mtu anayemsimulia marehemu kaka yake?"

Mkutano uliitishwa. Viti vya plastiki vilipangwa bandani, na kigezo kikaegemezwa ukutani mbele ya wote kama mshitakiwa. Mpimaji alieleza yaliyojulikana bila kuongeza chumvi: kuna Chiriku za aina mbili, na zote zina vyeti vyenye neno moja.

Dalali alizungumza baada yake, na hakuzungumza vibaya. Alisema tukitamka leo kwamba kigezo kina kosa, zaidi ya nusu ya mashua zilizo nje zitakuwa kuni kufikia kesho. Watu wamezinunua kwa nia njema, na vyeti safi. Nani atanunua Chiriku tena? Nani atauza? Soko litakufa.

"Letu limeshakufa," akajibu mchomeleaji mkubwa. "Ila hamkuja mazishini."

Breki alikuwa amekuja na moto. Njiani alikuwa ameyapanga maneno yote: kwamba usawa unaochorwa juu ya mashua ya mshindi si usawa, ni heshima kwa mshindi tu, kwamba kosa halitakasiki kwa kutundikwa nyuma ya mlango miaka mingi, kwamba maneno mekundu ukutani ama ni ya kweli ama yafutwe. Yalikuwa maneno mazuri, na yalikuwa ya haki. Akasimama. Mbele yake alimwona kijana aliyenunua thelathini na nane kutoka kwa wale wenye mapacha, ameishika kofia yake kwa mikono miwili, anasubiri kuambiwa kama ana mashua au hana. Kijana yule alikuwa amekosa nini? Namba Moja ikiwa sahihi, huyu ana kosa. Huyu akiwa sahihi, kaka aliunda mashua yenye kosa. Na katikati yao, mvua ikipiga bati, alikuwa amesimama mtu ameshika ubao.

"Mimi ndiye niliyeshika ubao," akasema Breki.

Watu wakangoja aendelee. Akakaa.

Wakapiga kura ya mikono. Kigezo kilichopo kikabaki kuwa ndicho kigezo. Mashua za zamani zikaruhusiwa kupakwa puti, lile rojo la wanyoosha bodi, tumboni mpaka kibiriti kisipite. Zisizopakwa zinaweza kuingia majini siku ya mashindano kama zinataka, ila hazitahesabiwa, na zikivuka mstari wa mwisho hazitapigiwa honi. Hivyo ndivyo kosa linavyozeeka: linaota mvi, linapewa kiti, na siku moja vijana wanalisimamia kwa heshima na kuliita sheria.

Wakitoka, Dalali alimshika Breki bega. Akamwambia kwa upole wa kweli kwamba yeye yuko tayari kuichukua Namba Moja, aijaze udongo, aiweke langoni na maua. Kila anayeingia ataiona. Breki alishukuru. Hakujua alikuwa akishukuru nini.

Alinunua kopo la puti, akalitia kwenye buti la gari, akaenda kumsubiri Muuguzi langoni mwa hospitali. Alimweleza kila kitu, kigezo cha kwanza na cha pili, daraja la tope na mnyoosha bodi, hata bati na mvua. Muuguzi alisikiliza huku akivua kofia yake ya kazi.

"Ukiipaka puti, itakimbia zaidi?"

"Sijui."

"Isipopakwa, inachelewa?"

"Sijui. Miaka yote tumekuwa katikati. Labda ilikuwa inatuchelewesha. Labda mimi ndiye niliyekuwa naichelewesha yenyewe."

"Kaka yako angekubali ipakwe?"

Breki alifungua mdomo. Zamani angejibu papo hapo, kwa sauti ya kaka kabisa. "Hata hilo sijui tena," akasema.

"Sasa Mzee, unachokijua ni kipi?"

Akafikiri kwa bidii, kwa sababu swali lilikuwa la haki. "Najua haina breki."

Muuguzi akacheka, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane. Akasema bado anaichukua. Breki aliipunguza bei mwenyewe, na Muuguzi hakumbembeleza airudishe. Kuhusu puti alisema ataamua akiwa na mashua mkononi. Nikiijaza mpaka ifanane na nyingine, aliuliza, nitakuwa nimenunua nini? Kopo likabaki kwenye buti, likibiringika kila kona, na wanafunzi wakadhani gari lina ubovu.

Siku ya mashindano Breki alipewa kazi ya watu wenye magoti: kukaa kwenye jukwaa linaloelea kando ya mstari na kupiga honi. Ilikuwa honi ya lori bovu, imefungwa kwenye betri, ina kitufe cha kubonyeza. Kwake ilikuwa kazi nyeti. Kila mwanafunzi wake alilijua somo lile kwa moyo: honi si salamu, honi si matusi, honi ni taarifa. Pembeni yake alikaa Mpimaji, kofia pana, karatasi ya matokeo magotini.

Namba Moja ilikuwemo majini. Muuguzi nyuma, na mbele shemeji, aliyeuzwa pamoja na mashua kama benchi, kwa maneno yake mwenyewe. Tumbo halikuwa limeguswa. Wachomeleaji walikuwa wameipaka yao, na kila Namba Sita ilipolala upande, puti ya kijivu ilionekana kama bandeji.

Walizunguka maboya chini ya upepo usio na msimamo. Breki alizitazama zikifukuzana na kupishana, akijaribu kuona kwa macho ule upana wa kibiriti. Kama ulikuwepo majini, yeye hakuuona. Wakati mmoja Namba Moja ilikuwa mbele ya mpya tatu, akasisimka, akasema moyoni, kaka alikuwa sahihi. Upepo ukageuka, zote tatu zikampita Muuguzi, akasema moyoni, basi si sahihi. Upepo ukageuka tena. Akaacha kusema.

Dalali akaingia wa kwanza. Honi. Mpimaji akaandika. Ikaja ya pili, honi. Kijana wa thelathini na nane, honi, na kofia yake ikarushwa juu. Wachomeleaji na bandeji yao, honi. Kisha pakawa na nafasi, na katika nafasi ile ikaja Namba Moja, peke yake, shemeji akiwa amening'inia nje mpaka mgongo unagusa maji, akiutukana upepo kwa bili za mji mzima, na Muuguzi amekaza macho mbele kama aliyebeba sindano kwenda kwa mtoto anayelia.

Kanuni ilitaka kimya. Ilikuwa rahisi kuliko kanuni zote alizowahi kufundisha: usifanye chochote. Mguu wake wa kulia ukakanyaga mbao za jukwaa, ukatafuta, haukukuta kitu. Pua ya Namba Moja ikagusa mstari.

Honi ikalia. Ililia ndefu, ikavuka maji, ikagonga nyumba ya pampu, ikarudi.

Bandani watu waligeuka. Dalali, akiwa anakunja tanga lake, alisimama na nguo mkononi. Breki aliangalia kidole chake juu ya kitufe kama anayeangalia kidole cha mwanafunzi.

"Mzee," Mpimaji akasema kwa sauti ya chini, "hiyo haihesabiwi."

"Najua."

"Sasa umepiga ya nini?"

Alitaka kusema ni kwa ajili ya kaka. Lakini kaka alikuja na mvua juu ya bati, na Breki hakuwa tena na hakika na mvua ile. Alitaka kusema ni kwa ajili ya haki, na akamkumbuka kijana wa kofia, ambaye honi yake ilikuwa ya haki pia. Akatafuta kitu ambacho angeweza kukiapia, hata kiwe kidogo kama kibiriti.

"Imefika," akasema.

Mpimaji alimtazama. Akaitazama Namba Moja, ambayo sasa tanga lake lilikuwa linapigapiga na shemeji anacheka kwa sauti. Kalamu yake ilisimama juu ya karatasi kwa muda, haikuandika, wala haikuondoka. Nyuma kulikuwa na mashua nyingine inakaribia mstari, na nyingine nyuma yake. Breki akarudisha kidole kwenye kitufe na kukaza macho, asije akakosea.